FYUZI NI ZAMU WA WAYA
Namna ya kuchagua ampea zinazofaa, nyumbani na kazini

Sisi watu wa Katanga tunaijua shaba kuliko watu wengi wa dunia. Tunaichimba, tunaisaga, tunaiyeyusha, tunaipakia kwenye magari. Lakini kuna pahali pamoja ambapo kipande cha shaba hakitakiwi hata kidogo: ndani ya kisanduku cha fyuzi, mahali pa fyuzi iliyoungua.

Hata hivyo, fungua visanduku vya nyumba nyingi na utakuta kipande cha waya kimezungushwa pale ambapo fyuzi ingekaa. Taa zinawaka, resho inapika bukari, watu wanalala usingizi. Hawajui kwamba zamu wa nyumba yao amekwisha kufukuzwa.

Somo la leo linahusu zamu huyo. Tutaona fyuzi (wengine kwetu wanasema fizibu) inalinda nini, na namna ya kuchagua ile inayofaa. Si somo la mafundi wa umeme peke yao. Ni somo la kila mtu anayelala chini ya dari yenye waya. Ukimaliza kusoma, msomee na mama wa nyumba, maana yeye ndiye anayekaa na resho na pasi mchana kutwa.

FYUZI INALINDA NINI?

Ukiuliza watu kumi, tisa watajibu: "Inalinda frigo," au "Inalinda televisheni." Jibu hilo si sahihi, na hapo ndipo makosa yote yanapoanzia.

Fyuzi inalinda WAYA. Tulishike neno hili moja, mengine yote yatafuata.

Umeme ukipita ndani ya waya, waya unapata joto. Ukipita kidogo, joto ni kidogo na linatoka lenyewe hewani. Ukipita mwingi, joto linazidi, tena linazidi kwa haraka kuliko vile unavyofikiri: ampea zikiongezeka mara mbili, joto linaongezeka mara nne. Zikiongezeka mara tatu, joto linaongezeka mara tisa.

Ngozi ya plastiki inayofunika nyaya nyingi za nyumba imetengenezwa kuvumilia joto la digrii 70 kwa kazi ya kila siku. Ikipita hapo siku baada ya siku, inakauka, inapasuka, na mwisho inayeyuka. Nyaya mbili zinagusana, cheche zinaruka, na mbao za dari zinashika moto. Mara nyingi jambo hili linaanza pahali usipopaona: ndani ya ukuta, juu ya dari, nyuma ya kabati.

Fyuzi ni kipande chembamba kilichowekwa njiani kwa makusudi ili kiwe dhaifu kuliko waya wote. Umeme ukizidi, chenyewe kinayeyuka kwanza na kukata njia kabla waya haujaumia. Basi fyuzi iliyoungua haikuharibika. Imefanya kazi yake. Imekufa ili nyumba isiungue.

SHABA NI NGUMU KUYEYUKA

Sasa tuone kwa nini kipande cha waya hakiwezi kuwa zamu. Wafanyakazi wa tanuru wanajua: shaba inayeyuka ikifika digrii 1085. Risasi inayeyuka kwa digrii 327 tu, na bati kwa 232.

Katika miaka ya 1880, mhandisi wa Wales, William Preece, alipima ni ampea ngapi zinazoyeyusha waya wa unene fulani. Kwa hesabu yake, waya wa shaba wenye unene wa milimita 1 unataka karibu ampea 80 ndipo uyeyuke. Waya wa kawaida wa taa, ule wa milimita mraba 1.5, unataka karibu ampea 130.

Mtu anayeweka kipande hicho mahali pa fyuzi ya ampea 10 ameweka fyuzi ya ampea 130. Waya wa dari utaungua zamani, na kipande hicho kitakuwa bado kizima.

Fundi mmoja atasema: "Lakini ziko fyuzi za zamani zinazofungwa waya wa shaba." Ni kweli, ziko. Lakini waya huo umepakwa bati na umepimwa: wa ampea 5 una unene wa milimita 0.2, wa ampea 15 una milimita 0.5. Ni mwembamba sana, tena unauzwa kwa kazi hiyo tu. Si waya wowote uliookotwa chini.

HESABU YA KWANZA: VYOMBO VINAKULA AMPEA NGAPI?

Hesabu ni moja tu, na mtoto wa shule anaiweza. Tazama kibandiko nyuma ya chombo, soma wati zake, kisha ugawe kwa volti. Kwetu tunahesabu volti 220.

WATI gawanya kwa VOLTI = AMPEA

Tuchukue mifano:

– Taa ya wati 60: 60 gawanya kwa 220 ni karibu ampea 0.3.
– Televisheni ya wati 100: karibu ampea 0.5.
– Frigo ya wati 200: karibu ampea 0.9. Wakati mota yake inapoanza, inavuta zaidi kwa muda mfupi.
– Pasi ya wati 1000: ampea 4.5.
– Resho ya wati 2000: ampea 9.1.

Umeona? Resho moja inakula sawa na taa thelathini. Kila chombo kinachotoa moto, yaani resho, pasi, birika la umeme, ni mlaji mkubwa. Chombo cha kutoa sauti au mwanga ni mlaji mdogo.

HESABU YA PILI: WAYA UNABEBA NGAPI?

Waya unapimwa kwa milimita mraba. Mara nyingi namba imeandikwa juu ya ngozi yake. Kama haionekani, na waya ni wa uzi mmoja mgumu, zima umeme wote, hakikisha umekufa, kisha upime unene wa shaba yenyewe bila ngozi: milimita 1.4 kwa waya wa 1.5, milimita 1.8 kwa waya wa 2.5, milimita 2.3 kwa waya wa 4, milimita 2.8 kwa waya wa 6.

Hapa kuna desturi ya Wabelgiji, ambayo mafundi wengi wa zamani wa Katanga walifundishwa. Kata uibandike ndani ya mlango wa kisanduku:

Waya wa 1.5 (taa): fyuzi ya ampea 10
Waya wa 2.5 (priza): fyuzi ya ampea 16
Waya wa 4: fyuzi ya ampea 20
Waya wa 6 (jiko kubwa la umeme): fyuzi ya ampea 32

Pengine utauliza: "Waya wa 2.5 unaweza kubeba zaidi ya ampea 16. Mbona tunaupunja?" Ni swali zuri. Fyuzi haikati palepale ampea zinapofika namba yake. Fyuzi ya ampea 16 inaweza kuvumilia ampea 24 kwa saa nzima bila kuungua. Kwa hiyo namba ya fyuzi inawekwa chini ya nguvu ya waya, ili hata fyuzi ikichelewa, waya usiumie.

Swichi ya kujikata yenyewe, ile tunayoita disjonkteri, haichelewi namna hiyo. Ndiyo sababu desturi hiyohiyo inaruhusu disjonkteri ya ampea 16 kwa waya wa 1.5, na ya ampea 20 kwa waya wa 2.5. Usichanganye hesabu hizi mbili.

KUCHAGUA: KANUNI MOJA

Sasa weka hesabu mbili pamoja:

AMPEA ZA VYOMBO zisipite NAMBA YA FYUZI, na NAMBA YA FYUZI isipite ile ambayo WAYA unaruhusu.

Tuchukue nyumba moja. Priza zake zina waya wa 2.5 na fyuzi ya ampea 16. Kuna resho ya wati 2000, pasi ya 1000, frigo ya 200 na televisheni ya 100. Jumla ni wati 3300, yaani ampea 15. Inapita, lakini ni karibu na mpaka.

Jirani anaomba apewe umeme kidogo. Waya unavutwa juu ya ukuta, na jirani anachomeka resho ya wati 1500. Jumla sasa ni wati 4800, karibu ampea 22. Fyuzi inavumilia kidogo, kisha siku moja jioni inaungua. Giza.

Hapo baba wa nyumba ana njia tatu.

Njia ya kwanza: aweke kipande cha shaba. Amefukuza zamu.

Njia ya pili: anunue fyuzi ya ampea 25. Anaona amefanya vizuri, kwa sababu ni fyuzi ya kweli ya dukani. Lakini waya wa 2.5 ni uleule! Fyuzi imekuwa na nguvu kuliko waya, na kazi ya kuungua imehamia kwa waya. Kama waya aliomvutia jirani ni mwembamba, wa 1.5 au chini yake, basi huo ndio utakaotangulia.

Njia ya tatu: apunguze mzigo, au amwite fundi avute waya mpya wenye fyuzi yake mwenyewe. Hiyo ndiyo njia peke yake iliyo sahihi.

Tukumbuke: mzigo ukizidi, hatuongezi fyuzi. Tunapunguza mzigo au tunabadilisha waya, na ni baada ya kubadilisha waya ndipo tunabadilisha fyuzi.

KWA WENZETU WA MOKAMBO

Wafanyakazi wanaokaa Mokambo, na wote wanaopita mpaka ule kwenda Mufulira, wana jambo lao la pekee.

Upande wa Zambia vyombo vingi vinauzwa na plagi ya Kiingereza, ile yenye miguu mitatu ya bapa. Ndani ya plagi hiyo mna fyuzi ndogo, mara nyingi ya ampea 3 au 13. Waingereza walifanya hivyo tangu mwaka 1947, kwa sababu nyumba zao zilianza kufungwa priza nyingi juu ya mzunguko mmoja wenye fyuzi kubwa ya ampea 30. Fyuzi kubwa namna hiyo haiwezi kulinda kamba nyembamba ya redio au ya taa ya mezani. Basi kila kamba ikapewa zamu wake mdogo ndani ya plagi.

Priza zetu za Kongo zina matundu ya mviringo, na plagi zake hazina fyuzi. Mtu akifika nyumbani na chombo chake kipya, anafanya nini? Anakata plagi ya Kiingereza, anaitupa, na kufunga ya miguu miwili. Pamoja na plagi ametupa fyuzi, na mara nyingi waya wa ardhi pia, ule wa rangi ya kijani na njano.

Hatusemi usinunue chombo Mufulira. Tunasema haya:

– Baada ya kukata plagi ile, zamu peke yake aliyebaki ni fyuzi ya kisanduku chako. Ni lazima iwe ya kweli na ya namba sahihi.
– Kama chombo kilikuwa na waya wa ardhi, funga plagi yenye ardhi, na priza yenye ardhi. Usiukate.
– Ukiiacha plagi ya Kiingereza na kutumia kiungo cha kubadilisha miguu, hakikisha kinashika vizuri. Kikicheza, kinachoma.
– Ndani ya plagi ile, chombo chenye wati chini ya 700 kinataka fyuzi ya ampea 3, chenye zaidi kinataka 13. Usiweke 13 kila pahali.

Jambo jingine juu ya kununua waya: sokoni kuna waya wa alumini uliopakwa shaba juu tu. Kwruza ncha yake kwa kisu. Shaba ya kweli ni nyekundu mpaka ndani. Ukiona weupe, ni alumini. Alumini haipitishi umeme vizuri kama shaba, basi hesabu tulizoandika hapo juu hazifai kwa waya huo. Mtu wa shaba asidanganywe juu ya shaba!

KAZINI

Kwenye machimbo na viwanda, kosa hilohilo linaleta hatari kubwa zaidi, kwa sababu nguvu ya umeme ni kubwa zaidi.

Fyuzi za kazini zina mwili wa kauri na mchanga ndani. Mchanga huo si wa kujazia nafasi. Shoti ikitokea karibu na transfoma, maelfu ya ampea yanapita kwa nukta moja, na moto wa umeme unataka kuendelea kuruka hata baada ya chuma kuyeyuka. Mchanga unauzima. Ukiweka kipande cha waya mahali pa fyuzi hiyo, kisanduku kinaweza kupasuka mbele ya uso wako kama baruti.

Tena, namba peke yake haitoshi. Tazama na herufi. Fyuzi ya gG inalinda waya juu ya mzigo uliozidi na juu ya shoti. Fyuzi ya aM ni ya mota: inavumilia mota inapoanza, wakati inapovuta mara tano mpaka saba ya ampea zake za kawaida, na inakata shoti tu. Mzigo uliozidi haiulindi. Hiyo ni kazi ya rele ya joto iliyo pembeni. Ukiweka aM mahali pa gG, waya umekosa nusu ya ulinzi wake.

Na mota ikikata kila mara, usibane swichi yake kwa kamba, usifunge daraja la waya juu ya rele. Mwite kapita, mwite fundi. Tarehe 19 Desemba 1984, katika mgodi wa makaa wa Wilberg, jimbo la Utah, Marekani, moto uliua watu 27 chini ya ardhi. Uchunguzi ulionyesha kwamba kompresa ya hewa ilipata joto kupita kiasi, na chombo cha kuizima kilikuwa kimerukwa. Kilichorukwa kilikuwa chombo kidogo, na watu 27 hawakurudi kwao kula Noeli.

FYUZI IKIUNGUA, FANYA HIVI

1. Zima swichi kubwa. Usiguse kisanduku kama mikono au miguu ni maji.
2. Tafuta sababu. Ni chombo gani kilichomekwa wakati ule? Kuna harufu ya kuungua? Kuna kamba iliyochunika?
3. Chomoa vyombo vyote vya mzunguko huo.
4. Weka fyuzi mpya ya NAMBA ILEILE na AINA ILEILE. Kwa fyuzi za kauri za kuzungusha, rangi ya kitone cha kichwani inasaidia: nyekundu ni ampea 10, kijivu ni 16, bluu ni 20, njano ni 25. Pete iliyo ndani ya kiti chake imewekwa ili fyuzi kubwa isiingie. Usiitoe pete hiyo.
5. Washa, kisha chomeka chombo kimoja kimoja. Kile kinachoua fyuzi umekijua.
6. Ikiungua tena bila chombo chochote, waya wenyewe ni mgonjwa. Acha giza, ita fundi.

Umeme ukikatika kwa sababu ya zamu za SNEL, zima na kuchomoa resho, pasi na frigo. Ukirudi, vyombo vyote visianze pamoja. Na resho iliyosahauliwa imewashwa inaweza kurudiwa na umeme usiku, watu wote wamelala.

JAMBO MOJA FYUZI HAIWEZI

Tusidanganyane. Fyuzi haikulindi wewe mwenyewe ukishika waya. Sehemu ya kumi ya ampea moja ikipita kifuani inaweza kusimamisha moyo, na fyuzi ya ampea 10 haitasikia kitu. Kinacholinda mtu ni waya wa ardhi, na ile disjonkteri ya difarensheli ya miliampea 30. Fyuzi ni zamu wa waya. Usimpe kazi isiyo yake.

Na kama moto wa umeme umekwisha kuanza: kata umeme kwanza, toa watu nje, tumia mchanga mkavu au chombo cha kuzimia moto cha unga au cha gesi. Usimwage maji juu ya waya wenye umeme.

MWISHO

Umeme wetu unatoka mbali. Tangu mwaka 1930 Mwadingusha inautoa katika Lufira. Nzilo ilifuata mwaka 1952 na Nseke mwaka 1956, zote mbili juu ya Lualaba. Na tangu 1982 laini kubwa ya Inga inafika Kolwezi. Nguvu ya mito hiyo yote inakuja mpaka mlangoni pako, na pale mlangoni amesimama zamu mmoja tu, mdogo kama kidole.

Ndugu mfanyakazi, jioni ya leo, ukiisha kula, chukua tochi ufungue kisanduku chako. Soma namba za fyuzi. Tazama unene wa waya. Ukikuta kipande cha shaba, zima swichi kubwa, kitoe, na usiwashe mzunguko huo mpaka umeweka fyuzi ya namba yake. Bei ya fyuzi ni ndogo. Bei ya kitanda cha mtoto kilichoungua, nani anaijua?

KINGA YASHINDA DAWA. USALAMA MBELE!